Mjukuu Wangu na Filimbi ya Refa

Huyu mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu, alikuwa hakai jamani! Unamtuma maji, anarudi na kinyonga. Unampa ugali, tonge la kwanza kasimama, la pili yuko kwa jirani. Watu wakasema ana mashetani. Tukampeleka hospitali Kiomboi, daktari akasema hapana, wala siyo ukaidi, kazaliwa na ubongo usiotulia. Atasaidiwa taratibu, na michezo itamfaa.

Lakini mwalimu wake alishachoka. "Shikamoo bibi. Huyu akiendelea hivi, bora abaki nyumbani." Binti yangu akasema basi, achunge mbuzi. Nikamwambia, "Mbuzi? Ili wamalize alizeti za kijiji kizima?"

Nikampeleka kwa kijana anayefundisha mpira wasichana pale shuleni. Mimi na ujuaji wangu nikamwambia amweke golini, maana mbuzi mtoro kwetu tunamfunga kamba. Weee! Goli liko wazi, kipa yuko katikati ya uwanja anadai pasi! Watu wakanizomea, "Bibi, kipa wako kaenda mnadani!"

Kocha akacheka, akamtoa golini. "Wewe kimbia utakavyo. Ila ukisikia filimbi, simama unitazame." Neno moja tu hilo. Kila jioni, kimbia, filimbi, simama. Mwanzoni hata hasikii.

Sasa siku tunacheza na kijiji cha pili, tukapata penalti, akapewa yeye. Mwalimu wake yupo, anaangalia. Refa anabishana na mabeki, hajapuliza filimbi ya kuruhusu apige. Wale wasichana wa timu pinzani wakaanza, "Piga basi! Unaogopa?" Zamani angeupiga mpira, na wao angewapiga. Akasimama. Vidole vya mguu tu ndiyo vinacheza. Macho kwa refa, katulia tuli! Mimi mtoto yule siku zote nilikuwa namuona mgongo. Siku ile nikauona uso wake, nikauangalia mpaka nikasahau kupumua. Kumbe ana kidoti juu ya nyusi!

Filimbi ikalia, akapiga, mpira ukagonga mwamba, ukatoka nje. Nikapiga vigelegele.

"Bibi, kakosa!"

"Nyamaza wewe, hukuona alivyosimama?"

Mwalimu kanisogelea, sauti ya chini. "Bibi, mimi nimeona. Abaki shule. Nitamuuliza kocha anamwambiaje."

Nikageuka nimwite mwenyewe asikie. Thubutu! Keshafika upande wa pili, anafukuza mpira.