Mzee Niliyemlaza Mkekani Makongeni

Nawasimulia haya nikiwa bado sijielewi. Kazi yangu ni kuwafanyisha mazoezi wazee waliopasuliwa mgongo, nikiwatembelea nyumbani kwao. Juzi nilitumwa Makongeni kwa Mzee Salim, ambaye sikuwa nimewahi kumwona.

Mlango ulikuwa wazi. Sebuleni nilimkuta mzee ameketi peke yake, kanzu imenyooshwa vizuri, ananukia udi.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja tufanye mazoezi."

Akanitazama juu hadi chini. "Ni lazima?"

"Ni lazima. Familia yenyewe ndiyo imetaka."

Akavua kofia, akalala mkekani bila ubishi. Nilimwambia akunje magoti, akaze tumbo, ainue kiuno polepole. Akakiinua kama kijana. Nilichanganyikiwa, maana mtu aliyetoka kupasuliwa huinuka akiuma meno, na huyu hata uso hakukunja. Badala ya kuomba nione kovu, mimi nilijisifu moyoni kwamba sijawahi kupata mgonjwa hodari hivi. Nikamwambia ashikilie hapo hapo.

Mlango wa chumbani ukafunguliwa. Akatoka mzee mwingine, akitembea kwa shida na mkewe akimshikilia.

"Daktari, Salim ni mimi," akasema, akimtazama mwenzake pale mkekani. "Huyo amekuja kumposea mwanawe binti yetu."

Nilikosa pa kutazama. Mgeni, kiuno kikiwa bado juu, akanigeukia taratibu.

"Samahani, binti," akasema. "Nilidhani hapa ndivyo mnavyowapima wakwe."