Kitanda cha Nkwabi Uani

Acheni kitanda changu hapo hapo uani. Kila kiangazi maneno ni yale yale: bibi ingia ndani, bibi watu watasema nini. Watu! Hao watu niliwahi kuwasikiliza mara moja, ikanitosha. Kaeni niwaambie habari za mdogo wangu Nkwabi, halafu tuone nani atanihamisha.

Kwa mama yetu tulizaliwa wawili tu, hapa hapa Didia. Mimi Generosa mkubwa, yeye akanifuata. Hakuwa mtu wa makuu. Jembe alilijua, ngoma hakuijua hata kidogo. Akiingia uwanjani watu wanavunjika mbavu kwa kucheka, na yeye anacheka nao. Ila alikuwa na sauti, jamani. Akiita ng'ombe kule mbugani, mimi niliyeko jikoni najua wamefika wapi.

Mwaka arobaini na saba akaenda Geita kwenye dhahabu. Wakamshusha chini ya ardhi, wakampa mashine ya kutoboa mwamba. Miaka mitano mtu anakula vumbi la mawe. Aliporudi nilimwona kwa mbali, amebeba sanduku la bati, kila hatua kumi anasimama. Nikadhani sanduku ni zito, nikakimbia kumpokea. Lilikuwa jepesi! Ndani mna suruali mbili na shuka nyeupe ya marekani. Kilichomlemea ni pumzi.

"Shikamoo, dada," akaniambia, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Ile sauti ya mbugani ilikuwa imekwisha. Nilimwitikia marahaba, nikageuka upande ili asinione ninavyolia.

Akakaa kwangu. Mimi nilikuwa mjane tayari, na nyumba yangu ilikuwa ya msonge: mlango mmoja, dirisha hakuna. Moto wa kupikia humo, ndama humo, na kuku juu yake. Moshi wake uliyafanya macho yangu mekundu mwaka mzima, na mnajua huku kwetu mwanamke wa macho mekundu anaitwa mchawi. Nkwabi alikuwa anakohoa mpaka anashika nguzo. Nikampeleka zahanati kwa dresa mmoja, Pantaleo, kijana mpole asiye na haraka. Akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akaniita pembeni.

"Mama, hili ni vumbi la mawe. Sina dawa ya kulitoa, na sijui aliye nayo," akasema. "Lakini usimwongezee moshi. Mtoe nje. Alale uani, ajifunike vizuri, apate hewa safi usiku kucha. Atapumua, atapata usingizi, atakula. Miaka aliyobakiwa nayo usimpunguzie."

Nilimwona dresa ana wazimu. Mtu mgonjwa alale nje, na fisi wanazunguka? Lakini Nkwabi alishasikia. Jioni ile ile akavuta kitanda chake cha kamba mpaka hapo mnapopaona, ndani ya ua wa minyaa, akawasha moto wa samadi karibu na miguu, akajifunika ile shuka.

Asubuhi nikatoka mbio kumwangalia. Yuko amekaa, anatazama ndama.

"Dada, kifua kimekuwa chepesi."

Maneno manne hayo, bila kukohoa katikati! Nilimpikia uji wa ulezi, akamaliza kibuyu. Wiki ya pili akaenda kisimani peke yake. Wiki ya nne nikamsikia anamwita ndama mmoja aliyetoka nje ya ua. Haikuwa sauti ya zamani, wala haikufika mbugani, lakini ndama aligeuka. Nilikuwa na furaha, wanangu, mpaka naimba huku natwanga. Nilijiambia huyu atakula mtama wa mwakani.

Sasa sikilizeni. Boma la mjane halina moto wa nje. Moto wa nje ni wa wanaume, ndio shikome, wanaota jioni wakizungumza. Wanaume wakilala nje mpaka kunakucha, basi hapo pana msiba. Hilo kila mtu hapa alilijua toka utotoni. Na mimi, nilivyo mpumbavu, sikupita kwa majirani kuwaeleza. Niliona ni mambo yangu.

Asubuhi moja Paskazia, jirani yangu, anapita kwenda kisimani. Akachungulia uani. Anaona moto unafuka, anaona mtu amelala chali, amefunikwa shuka nyeupe toka utosini hadi miguuni, kwa ajili ya mbu. Mtungi ukamtoka kichwani, paa! Akapiga ukunga huo! Waliokuwa wanachuma pamba wakaacha pamba, wanaume wakaja, wanawake wakaja na unga wa msiba vichwani. Ua ukajaa vilio. Nkwabi akafunua shuka, akakaa.

"Nani amekufa?" akauliza.

Mngedhani watu watacheka. Hakuna aliyecheka. Walirudi nyuma wote pamoja. Mzee Ignas, mume wa Paskazia, akanitazama usoni, akayatazama macho yangu haya.

"Generosa, mtu ameshaliliwa akiwa hai," akasema. "Anayemlaza mgonjwa nje kama maiti anamwita nani? Au ng'ombe wake unawataka?"

Wakaondoka na unga wao. Dresa? Nani angemsikiliza dresa? Siku hiyo nzima sikuona jua wala kivuli, naona tu watu wanasimama njiani kunong'ona. Mwanamke aliyenong'onwa hivyo niliwahi kumjua, na alivyoishia sitawaambia. Niliogopa. Nasema waziwazi: niliogopa kwa ajili yangu mwenyewe.

Jioni nikakikokota kitanda kukirudisha ndani.

"Dada," Nkwabi akasema, "humo ndani nitakufa."

"Na hapa nje watatuua wote wawili! Ingia!"

Nilimfokea hivyo, mtu aliyenipita urefu. Akaikunja shuka yake, akainama mlangoni, akaingia.

Kikohozi kilirudi siku ile ile. Uji akauacha. Nilihamishia moto wa kupikia nje, nikawatoa ndama, lakini ile nyumba ilikuwa imeshiba moshi wa miaka kumi. Akaanza kushuka kitandani na kulala chini karibu na mlango, pale penye upenyo. Nilikuwa namkuta uso wake umebanwa kwenye mbao. Kwa nini sikuufungua tu ule mlango? Najiuliza mpaka leo.

Mwezi wa tisa, nimetoka kukamua, nikasukuma mlango, haufunguki. Nikamwita. Nikasukuma kwa bega. Alikuwa nyuma yake, mdomo kwenye upenyo.

Nikapiga ukunga, na safari hii ulikuwa wa kweli. Wakaja wote na unga wao. Wanaume wakawasha moto uani, wakatandaza ngozi, wakalala nje siku nne, kama inavyotakiwa. Pale pale pa kitanda cha Nkwabi alilala Mzee Ignas, yeye na pumu yake.

Asubuhi ya kwanza nilikuwa nawapelekea uji. Mzee Ignas akaamka, akajinyoosha, akavuta pumzi ndefu.

"Ah," akamwambia mwenzake, "kumbe nje mtu analala hivi! Kifua kimekuwa chepesi."

Nikamwekea kibuyu chake mbele.

"Nkwabi naye alisema hivyo hivyo, mzee," nikamwambia. "Kunywa."

Hakunywa, na mimi sikukiondoa.