Nafasi ya Joto kwenye Reli ya Mezani

Siku yangu ya kwanza kazini, nyapara wa genge letu kule Pugu alinipa kipande chembamba cha bati. Kazi yangu ilikuwa kukichomeka kati ya reli mbili zinapounganishwa. Zikishakazwa nakichomoa, pengo linabaki. Nikamuuliza kwa nini tunaiachia reli nzuri pengo.

"Jua likiwaka chuma kinatanuka, bwana mdogo," akasema. "Usipokipa nafasi, kitaitafuta chenyewe."

Pengo hilo tuliliita nafasi ya joto.

Nimezaliwa mdadisi, na udadisi ndio ulionitoa kwenye genge. Miaka ile ya Ujamaa, chuo kimoja cha ufundi upande wa Temeke kilitaka reli ndogo ya kutandika juu ya meza, yenye kigari cha umeme, ili makarani wa stesheni wajifunze kupishanisha treni bila kuua mtu. Mkufunzi Mkuu alisikia kuna fundi anayeuliza maswali mengi, akaniita. Masharti yake yalikuwa wazi: Mhandisi wa shirika la reli akija kukagua, kigari kikizunguka nitakuwa msaidizi wa Mkufunzi chuoni, kisipozunguka, narudi kwenye sururu. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote.

Tulipewa masanduku mawili ya reli ndogo kutoka ng'ambo, moja la chuma, jingine la shaba ya njano. Mkufunzi alipenda chuma kwa kung'aa kwake. Mimi nilichukua kipande cha kila aina hadi nyumbani Mtoni, nikavilaza kwenye sahani ya maji ya chumvi.

"Sahani ya wali ndiyo unayolowekea vyuma?" akauliza mke wangu, Somoe.

"Nataka kujua kipi kitavumilia hewa ya pwani."

"Na sie tutakula kwenye nini?"

Siku ya nne chuma kilikuwa na kutu, na kutu huzuia umeme. Tukachagua shaba. Nikaitandika juu ya mataruma ya mninga, vile vibao vinavyobeba reli, niliyoyachonga mwenyewe, na kila kiungo nikakiachia nafasi ya joto, kama nilivyofundishwa. Kigari kilikwenda shibiri mbili, kikasimama. Nilisahau kwamba umeme wake hupita kwenye reli zenyewe, nami nimeukatia njia kila mahali.

Mkufunzi alicheka mpaka akavua miwani. "Hapa si Pugu, Ndugu Mshamu. Ziba mapengo yote kwa risasi ya kulehemu."

"Na joto, Ndugu Mkufunzi?"

"Joto gani la mezani? Ziba."

Nikayayeyushia risasi yote, asubuhi moja ya kipupwe, huku moyo unakataa. Kigari kikazunguka vizuri, nami nikajipa moyo.

Mhandisi alikuja kaskazi ya joto imeshika, saa saba mchana, na darasa letu lilikuwa la bati. Mahali reli iliponyooka sana, shaba ilikuwa imejikunja. Kigari kilifika pale kikalala ubavu. Mhandisi akainama, akapapasa kiungo.

"Nani kaziba hapa?"

Nilimtazama Mkufunzi. Alikuwa anaangalia dirishani.

"Mimi," nikasema.

"Fundi reli mzima, hujui nafasi ya joto?"

Jumatatu nilikuwa Pugu na sururu mkononi. Niliona aibu, na hasira pia.

Lakini swali halikuniacha: umeme utavukaje pengo? Jibu nililiona uani, Somoe akianika kanga. Kamba yake ilikuwa imelegea, upepo unaivuta huku na huku, haikatiki. Basi waya uliolegea, chini ya meza, uunganishe reli hii na ile. Joto libaki na nafasi yake, umeme upate njia. Nikampelekea Mkufunzi wazo hilo. Alijaribu kiungo kimoja, kigari kikavuka, na mwezi haukuisha nikarudishwa chuoni. Nikakaa hapo hadi nikastaafu.

Siku ya kuniaga, Mkufunzi alikuwa ameshastaafu zamani. Alikuja kutoka Kinondoni na mkongojo, akafungua gazeti alilokunja. Ndani mlikuwa na kipande cha shaba kilichojikunja.

"Nilikikata siku ile ile ya ukaguzi," akasema. "Aliyesema ziba ni mie, na nilipaswa kusema."

"Umechelewa, mzee wangu."

"Nimechelewa."

Husemwa mkubwa jalala; siku ile jalala nilikuwa mimi, na kwa miaka mingi nilimwekea kinyongo. Sasa kipande hicho kiko dirishani kwangu. Wajukuu wakiniuliza kosa lilikuwa la nani, nawaambia kweli: yeye alisema bila kujua. Mimi nilijua, nikaziba.