Kitambaa Cheupe Kiwanjani

Kiwanja chetu cha ndege kilikuwa nyasi tu katikati ya mashamba ya chai, upande wa Litein. Nilikisimamia kwa redio moja, mfuko wa kuonyesha upepo na fimbo ya kufukuzia ng'ombe. Watu walinitania eti mimi ni mchungaji wa ndege. Sikujali, niliipenda kazi ile.

Asubuhi moja, miaka ya tisini, Nairobi walituarifu kwamba mlima umetapika moto nje ya mipaka yetu na huenda upepo ukaleta jivu. Jivu la namna hiyo likiingia kwenye injini huyeyuka, likaganda kama kioo na kuizima angani. Kila kiwanja kikaguliwe. Palipo na jivu pafungwe.

Siku hiyohiyo dada yangu alikuwa zahanati ya shamba, mimba ya kwanza, presha imepanda. Daktari alikuwa ameshaita ndege impeleke Nairobi. Nikapitisha kidole kwenye bati la kibanda changu. Kikatoka na jivu.

Nikaripoti nilichokiona. Kiwanja kikafungwa.

Mama alinijia mbio kutoka zahanati. "Weri, waambie hakuna kitu! Huyo ni dada yako!"

"Na rubani ni mtoto wa nani, Mama?" nilifoka. Hasira ninayo, na nimeirithi kwake.

Akatazama bomba la moshi la kiwanda cha chai, halafu mfuko wa upepo. "Leo wamesafisha boila ya kiwanda," alisema. "Hiyo jivu ni ya kuni. Kila mara inachafua nguo zangu kwa kamba."

Labda ni kweli, labda ni hamu tu. Mama akavua kitambaa chake cheupe cha kanisa, tukakitandaza ng'ambo ya kiwanja, upepo unakotoka, mbali na kiwanda, ambako jivu la mlima pekee lingefika. Tukakaa kukitazama. Sijawahi kuogopa kitambaa namna ile. Kufikia mchana kilikuwa bado cheupe pe. Nairobi wakalinganisha na ripoti za viwanja vya jirani, wakafungua.

Dada alijifungua salama Nairobi, msichana. Lakini ninachokumbuka zaidi ni rubani alivyoshuka alipokuja kumchukua, na Mama akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mama yako bado yuko hai?" alimwuliza.

"Yuko."

"Basi mwambie kijana wangu alikataa kunisikiza."