Wimbo wa Naserian Haukuagwa

Mwanangu, kuna siku moja ya Kisaju naikumbuka hadi leo. Umenipigia simu kwa vifijo kwamba umepata nafasi ya kusomea uzamili wa tiba ya muziki. Hongera! Lakini kaa chini kwanza, shangazi yako akuambie jambo ambalo darasani hawatakuambia.

Wakati huo nami nilikuwa mwanafunzi wa uzamili huo huo. Tulipelekwa nyanjani, na mimi nikapewa chumba cha nyuma katika zahanati moja ya Kisaju. Hapo ndipo nilipoletewa Naserian. Mama mkwe wake alimshika mkono kama anayevusha kipofu barabara. Nilimsalimu bibi huyo kwa Kimaasai, "Takwenya," akaniitikia, "Iko," kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Naserian alifiwa na mtoto wa kunyonya, na tangu mazishi hajasema neno na hata chakula ni cha kulazimishwa. Jina la mtoto hakulitaja, maana kwao jina la marehemu haliitwi ovyo.

Kitu kimoja tu kilimtoka Naserian, nacho ni mvumo wa mdomo uliofumbwa. Alivuma wimbo wa kubembeleza, taratibu, na akifika mahali fulani anakata. Kila mara hapo hapo.

Sasa, katika kazi yetu unaanzia pale mgonjwa alipo. Akiwa na huzuni humpigii nyimbo za harusi. Unaingia kwenye wimbo wake, unatembea naye, halafu mnarudi pamoja polepole. Na kabla hajatoka mlangoni lazima muimbe wimbo wa kuagana, hata kama ni mistari miwili. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na ukishaoga, jamani, toka majini!

Mimi sikutoka. Siku moja tulikuwa tunavuma pamoja na machozi yakaanza kumjaa machoni. Nikajiambia, tumekaribia, nikimuaga sasa nitaharibu. Nikamwacha aende hivyo hivyo. Nilijiona mjanja sana, nikarudi nyumbani Kitengela nikitabasamu.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nafua nguo uani kwenye ploti yetu ya nyumba za kupanga, jua limewaka na upepo wa mbugani unapeperusha vumbi. Jirani yangu Mama Kevo akatoka na mtoto wake mgongoni.

"Wee, kwani uko na mtoto siku hizi?"

"Mtoto gani?"

"Huyo unambembeleza tangu juzi. Wangu akikusikia ananyamaza, anaangalia tu mlango wako. Mpaka naogopa."

Nikacheka, nikasema hapana, sijaimba chochote. Mama Kevo hakucheka. Aliniambia, "Ulikuwa unaimba sasa hivi." Nikamtazama yule mtoto. Alikuwa ametulia kabisa, na macho yake yalikuwa yameganda kando yangu, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Niliogopa, mwanangu. Niliacha nguo kwenye beseni nikaingia ndani.

Jumatatu nilimwendea Daktari Mumbua, mwalimu aliyesimamia kazi yangu, nikamwambia naacha kozi. Alikuwa mama wa Kikamba asiye na maneno mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mliagana?"

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Umemwacha mtu huko chini kwenye huzuni yake peke yake, na wewe mwenyewe umeacha mguu mmoja huko. Halafu unataka kukimbia? Naserian akizama kabisa utamwambia mama mkwe wake nini? Rudi ukafunge ulichofungua. Mganga hajigangi, ndiyo maana mimi niko hapa. Mbona hukuja siku ile ile?"

Nilirudi Kisaju. Naserian alikuwa amekonda zaidi. Nilikaa mbele yake, bibi akiwa pembeni, tukaanza kuvuma. Tulipofika pale anapokatia, alikata. Mimi nilitaka kukata pia, lakini mdomo wangu uliendelea. Ulishuka, ukazunguka, ukavuma sehemu ambayo sikuwahi kuisikia maishani mwangu, mpaka ukafika mwisho na kutulia.

Naserian aliinua uso.

"Hapo mwishoni ndipo mtoto alipokuwa akilala," akasema.

Bibi alijishika kifua. Naserian akaniuliza, "Ni nani amekufunza?" Nilichokuwa nacho ni wimbo wa kuagana, basi nikauimba. Naye akalia kwa sauti, kilio cha mama aliyefiwa, kile ambacho hakukilia makaburini, na bibi akamkumbatia wakalia wote. Baadaye pale nje bibi aliniambia kwamba wimbo ule Naserian alimtungia mtoto yeye mwenyewe, na mwisho wake aliuimba wakiwa wawili tu, yeye na mtoto.

Nilipomsimulia Daktari Mumbua, aliuliza swali moja: "Mliagana?" Nikasema tuliagana. "Basi."

Tangu siku ile mvumo haukunirudia. Naserian alianza kula, na akaanza kusema, kidogo kidogo.

Sasa sikiliza, mwanangu. Soma kwa bidii, kwa sababu ukiona vyaelea vimeundwa. Watakucheka kwamba umesoma miaka yote hiyo ili uimbe, wacha wacheke. Utafungua kituo chako hapa Kitengela, uwe na jina na wagonjwa kutoka Rongai hadi Kajiado, lakini usikose mtu wa kukukemea, hata ukiwa na mvi kama zangu. Usibebe huzuni ya mtu ukaipeleka nyumbani. Na siku ukijisikia unaimba usichofundishwa, usikimbie. Fika nacho mwisho, kisha umuage mwenye wimbo kwa heshima.

Mungu aitunze sauti yako, na kila utakayeshuka naye akujalie urudi naye.