Nani Anasema Saidi Hana Pasi?

Kuna siku moja naikumbuka kila nikiona pasi ya makaa, mwanangu. Mwanamke mzee aliingia nayo uwanja wa basketi, makaa bado mekundu, na hakuna mtu aliyethubutu kumzuia. Imenirudia jana, nilipowasikia wewe na wenzako mkibishana pale mlangoni, eti timu inayotaka ubingwa inahitaji nyota wa kufunga tu, au nyota anayejua pia kuwachezesha wengine. Mlibishana mpaka chai yangu ikapoa. Kaa hapa nikueleze.

Timu ya kartiye yetu, mtaa wa Asiatique, ilikuwa na nyota mmoja, Saidi, kijana wa nyumba ya Waarabu wauza vitambaa. Mrefu, mwepesi, akirusha wavu unatikisika. Ila mpira ukifika mikononi mwake, safari yake imeishia hapo. Mimi nilikuwa nacheza chini ya ringi. Nasema nilikuwa nacheza, lakini kazi yangu hasa ilikuwa kukimbia kwenda na kukimbia kurudi, mikono juu, kama mtu anayesimamisha teksi iliyojaa.

Baba yangu, mwenye duka la misumari na rangi, alikuja kutazama nusu fainali. Tulishinda kwa mikono ya Saidi peke yake. Tulipofika nyumbani baba akaniuliza kwa upole kabisa, "We, kazi yako pale ni gani?"

Nikamwonyesha: mikono juu. Basi akakata shauri: Jumapili atakuja kwenye fainali, na asipouona mpira mkononi mwangu, kuanzia Jumatatu nitakuwa dukani kila alasiri napima misumari, na habari za basketi ziishe. Mwanangu, nilikuwa sina kitu nilichokipenda kuliko basketi.

Fainali tulicheza na vijana wa Kinindo, mtaa wa wenye nacho, wale wa kuletwa uwanjani kwa gari. Bi Zuwena, nyanya yake Saidi aliyemlea, alikaa mbele kabisa. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya barabara tu, na yeye ndiye aliyempigia mjukuu nguo pasi, mpaka kaptula ikawa na mstari wa kukatia mkate. Habari za basketi hakuzijua. Alikuja kutazama kaptula.

Vijana wa Kinindo walikuwa wametusoma. Saidi akishika mpira, wanamvamia watatu. Akirusha, wanauzuia. Na mimi niko peke yangu chini ya ringi, mikono juu, baba ananikodolea macho. Watu wa kartiye yetu wakachoka, wakaanza kuimba, "Saidi hana pasi! Saidi hana pasi!" Mpaka mapumziko tulikuwa tumeachwa mbali, na mimi mpira nilikuwa nimeugusa mara moja tu, ulipoangukia mtaroni nikatumwa kuuokota.

Bi Zuwena akainuka, akavuka barabara. Tukadhani ameona haya, amekwenda zake. Kumbe amefuata pasi. Alirudi nayo inafuka moshi, akakata uwanja katikati, akasimama mbele ya waimbaji.

"Nani anasema mutoto yangu hana pasi?" akauliza. "Nguo yake nimeipiga mi mwenyewe asubuhi. Aje anionyeshe penye kukunjamana."

Watu walicheka wakashika mbavu. Mwalimu Melkiore, aliyekuwa akitufundisha, mtu wa adabu sana, akamsogelea akamweleza taratibu kwamba apana, Mama, hawasemi nguo, wanasema mutoto hawapi wenzake mpira, anaushika peke yake mpaka mwisho.

Bi Zuwena akaishusha pasi, na kicheko kikakoma. Nyumba yake, mwanangu, ilikuwa nyumba ambayo chakula hakipakuliwi kabla haijaulizwa nani yuko mlangoni. Akamgeukia mjukuu wake.

"Kumbe ni choyo? Saidi, bora wangesema uko uchi."

Saidi akaangalia viatu vyake. Nilimwonea huruma, kweli, ingawa si sana. Nyanya yake akavuta kiti mpaka kwenye mstari wa pembeni, akaiweka pasi miguuni, akakaa.

Tukarudi kucheza. Wale watatu wakamvamia kama kawaida. Saidi akamtupia nyanya jicho, nyanya akaushika mpini wa pasi, na mpira ukaja kwangu. Nami kwa kutozoea kupewa, ukanigonga kifuani ukatoka nje. Baba alijifunika uso kwa kofia. Wa pili niliudaka, nikafunga. Wa tatu vilevile. Saidi mwenyewe akaanza kunogewa, anatazama huku anatupa kule, na vijana wa Kinindo wakawa hawajui wamkabe nani.

Ikabaki nafasi ya mwisho, tumezidiwa pointi moja. Saidi akaushika mpira, na wale watatu, wakijua sasa anagawa, wakanikimbilia mimi. Yeye akabaki peke yake, mpira mkononi, anahangaika kutafuta wa kumpa. Bi Zuwena akasimama na pasi yake.

"Sasa kula na we! Wenzako wameshiba!"

Akarusha. Ukaingia.

Njiani baba aliniambia, "Leo nimekuona." Misumari akaendelea kuipima mwenyewe.

Basi, mwanangu, ubingwa unataka nyota, asikudanganye mtu. Bila mkono wa Saidi sisi wengine fainali tungeisikia redioni. Lakini nyota asiyejua kuwachezesha wenzake ni mtu mmoja tu, na watu watatu wanamtosha. Akijua kugawa, wale watatu hawajui waende wapi, na mwishowe yeye mwenyewe anabaki huru. Jumapili iliyopita nilikuja kukutazama ukicheza kule uwanja wa Mutanga Sud, hukuniona. Wewe nilikuona, unafunga vizuri. Nilimwona pia yule mwenzako mfupi chini ya ringi, mikono juu muda wote. Ile kazi naijua. Mtazame kabla hajakuita, maana huenda naye ana baba anayemsubiri nyumbani.

Mungu akupe mkono usiokosa, akupe macho ya kumwona aliyeachwa peke yake, na wenzako wakishiba asikosekane wa kukuambia ule. Amina. Haya, lete hiyo kaptula yako ya kesho. Pasi iko moto.