Maini Asubuhi, Maini Jioni

Mke wa mzee alimwita paka wao Mke Mwenza, kwa kuwa alilala katikati yao kitandani. Mzee alinung'unika miaka yote. Sasa mkewe yuko chini ya udongo. Kitandani wamebaki wawili, hawana la kuambiana.

Baada ya maziko paka aligoma kula. Samaki akawaachia nzi. Nyama akaipa mgongo. Mzee akaogopa: huyu naye akienda, atabaki na nani? Akamtupia kipande cha ini. Paka akakimeza bila kutafuna. Basi ikawa maini asubuhi, maini jioni. Mwenye bucha akawa anamwekea.

"Mzee, mke wako mdogo anakula vizuri kuliko wewe!"

"Mwache ale. Mimi sina njaa."

Kumbe alikuwa anammaliza. Paka akaanza kutembea kama amemeza kijiti. Shingo haigeuki, hawezi kujiramba mgongo, manyoya yamefanya mafundo. Ukimbeba, analia. Mzee akamtia kapuni, akampeleka kwa daktari wa mifugo, binti mmoja mpole.

"Anakula nini, baba?"

"Maini."

"Na nini tena?"

"Maini tu, mwanangu."

Daktari akaipapasa ile shingo. "Maini si sumu, baba. Ila ni ya kuonjesha. Kipande kama ukucha wa kidole gumba, mara moja kwa wiki. Ukimpa kila siku, mifupa ya shingo inashikana."

"Itaachia?"

"Iliyoshikana haiachii. Nitampa dawa ya maumivu. Maini uache leo, isishikane mingine. Mpe chakula cha paka cha dukani, juu yake moyo kidogo, uliochemshwa bila chumvi wala kitunguu."

"Akikataa?"

"Mbembeleze. Akigoma siku nzima, mrudishe kwangu."

Mzee akapika. Sahani akaiweka juu ya sufuria aliyoipindua, ili shingo isiiname. Paka akanusa, akageuka mzima mzima, kama mlango unaofunguka, akaelekea jikoni.

"Hayapo," mzee akasema. "Ningekuwa nayo ningekupa, ndiyo maana sikununua."

Paka akarudi, akalia. Mzee akaketi sakafuni. Akachovya kidole kwenye mchuzi, akakipeleka mdomoni mwa paka. Kikakaa hapo muda mrefu. Mwishowe ulimi mkavu ukakigusa mara moja.

"Haya, mama," mzee akasema, akachovya tena.